Meli Iliyomezwa na Tope la Rufiji

Jioni ya leo tuzungumze habari za tope. Najua tope halina heshima miongoni mwetu. Mtu akichafuliwa jina tunasema amepakwa matope, na gari likikwama njiani tope ndilo linalolaaniwa, si dereva. Hata hivyo nipe dakika chache, maana habari yenyewe inaanzia kwenye manowari.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Wajerumani walikuwa na manowari katika mwambao wetu, jina lake Königsberg, yenye urefu wa mita 115 hivi. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba ilijitokeza mbele ya bandari ya Unguja, ikaikuta manowari ya Waingereza, Pegasus, imetia nanga ikitengenezwa mitambo, ikaizamisha. Kisha ikatoweka. Waingereza waliitafuta kila pembe mpaka wakaigundua imejificha ndani ya delta ya Rufiji, katikati ya mikoko, mahali ambapo meli zao kubwa hazikuthubutu kuingia kwa sababu maji yalikuwa machache na chini yake ni tope tupu. Wakalazimika kuleta vyombo viwili, Severn na Mersey, vilivyoundwa awali kwa ajili ya mito ya Brazil, vyenye uwezo wa kuelea kwenye maji haba. Ndege ziliruka kutoka Mafia kuwaonyesha wapiga mizinga shabaha. Tarehe 11 Julai 1915 manowari ile ilipigwa ikaelemewa, na mabaharia wake wakamalizia kuizamisha kwa mikono yao wenyewe.

Mizinga yake 10 iliopolewa, ikaburutwa hadi Dar es Salaam, ikapigana vita vya nchi kavu. Mmojawapo, ukifika Mombasa, utauona Fort Jesus umekaa kimya unapigwa jua. Sasa swali langu: meli yenyewe iko wapi?

Haikuzama mara moja. Kwa miaka mingi mabaki yake yalionekana juu ya maji, watu wakija kukata chuma chakavu. Taratibu ikalala ubavu. Katika miaka ya 1960 ikaporomoka na kushuka ndani ya sakafu ya mto. Msikilizaji, maji ya pale hayana kina cha kuificha manowari. Ndiyo maana wenyeji waliiona miaka yote hiyo. Kilichoificha ni udongo. Udongo wa Mbeya, wa Iringa, wa Morogoro, wa Ruvuma, uliosafiri kilomita mamia kwa mamia ukatua juu ya chuma cha Mjerumani.

Niliingia delta hiyo siku moja ya bamvua, kwa mashua iliyotoka Nyamisati. Mzee aliyetuongoza alizima mashine tulipoingia kwenye kijito chembamba, akashika upondo. Maji yalikuwa yamekwisha kupwa na kingo zote mbili zilikuwa wazi, zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Nikajifanya shujaa, nikatoa mguu nishuke. Mzee akanivuta shati. "Mwanangu, hapo usikanyage, hilo ni la leo." Akachomeka upondo pale nilipotaka kukanyaga, ukazama mpaka karibu na mkono wake, na alipouchomoa tope lilitoa sauti kama mtu anayebusu. Akasogeza mashua hatua chache tu, akachomeka tena. Safari hii ulidunda. "Shuka hapa. Hili lina umri wako."

Nimesoma makala kadhaa za wataalamu kuhusu mashapo ya pwani tangu siku ile, na bado sijapata somo fupi kuliko hilo. Tope jipya limejaa maji, chembe zake hazijakaana, wimbi dogo linaweza kulizoa. Tope lililokaa limekandamizwa na uzito wake wenyewe, limesukwa na mizizi, limekauka na kulowa mara elfu, na sasa linabeba mtu. Kazi yote ya pwani yetu ni kuligeuza lile la kwanza liwe hili la pili kabla bahari haijalichukua.

Linafikaje pale? Chembe za udongo wa mfinyanzi ni ndogo mno, na katika maji baridi ya mto zinasukumana, kwa kuwa zote zina chaji ya umeme ya aina moja. Ndiyo maana maji ya mto yanaweza kubaki mekundu siku nyingi bila kutulia. Lakini yakikutana na maji ya bahari, chumvi inaupoza ugomvi ule. Chembe zinashikana, zinakuwa vibonge vyepesi, mfano wa maziwa yanapokatika ukiyakamulia ndimu. Vibonge vina uzito wa kutosha kuzama, ila vinahitaji utulivu. Na utulivu upo, kila mvuvi anaujua: kile kitambo kifupi baada ya maji kujaa na kabla hayajaanza kutoka, ambapo ukitupa jani mkondoni linabaki hapo hapo. Hapo ndipo vibonge vinapotua.

Maji yangetoka kwa nguvu ileile yaliyoingia nayo, yangezoa kila kitu na kurudi nacho. Mikoko ndiyo inayoyazuia. Mizizi ya mkoko iliyopindana kama miguu ya buibui, na ile mizizi ya mchu inayochomoza juu kama penseli, inayachosha maji. Yanaondoka taratibu, yanaacha mzigo. Jua likipiga, viumbe vidogo vya kijani vinatanda juu ya tope na kutoa ute unaolishika, kama ngozi nyembamba juu ya uji uliopoa. Nyuma zaidi, kule ambako maji hufika wakati wa bamvua tu, mikoko inadumaa na kuacha uwanda mweupe wa chumvi wenye vimea vifupi vya majani manene. Watu hupita wakidhani ni jangwa lisilo na kazi. Hata hapo tope linatua, ila polepole sana.

Polepole kiasi gani? Katika pwani nyingi za namna hii, kinachobaki kwa mwaka mzima ni milimita chache. Unene wa njiti moja ya kiberiti, tuseme, baada ya maji kujaa na kupwa zaidi ya mara 700. Nawe usizidharau milimita hizo, maana bahari ya dunia nayo inapanda kwa zaidi ya milimita 3 kwa mwaka tangu ilipoanza kupimwa kwa satelaiti miaka ya 1990. Kwa hiyo ni mbio za konokono wawili. Tope likipanda sawa na bahari, mikoko inabaki pale ilipo na kijiji nyuma yake kinabaki kijiji. Likichelewa, miti inaanza kukosa pumzi.

Hapa kuna jambo linalowakoroga watu wengi, nami lilinikoroga. Ukisafiri kwa boti upande wa bahari utaona mikoko imeanguka kifudifudi, mizizi juu, hasa mahali kusi inapopiga sawasawa. Mtu anapiga picha, anaandika kwamba delta inaliwa. Ni kweli ukingo ule unaliwa. Lakini tope lililong'olewa pale halijapotea lote. Maji ya kujaa yanalibeba na kuliingiza ndani, nusu kilomita nyuma, ambako linajenga. Kijito kinakula kona moja na kutapika kona ya pili. Ndivyo delta inavyoishi, inajihamisha. Picha moja ya mti ulioanguka haikuambii kama nyumba inabomoka au inahamishwa samani. Lazima ujue jumla: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Na hesabu ya kilichoingia haianzii pwani.

Bonde la Rufiji lina ukubwa wa kilomita za mraba 177,000 hivi, karibu sehemu moja ya tano ya Tanzania Bara. Mito ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu yote inamwaga humo. Mwishoni mwa njia iko mikoko ya delta, takriban hekta 53,000, karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara. Humo ndimo zilimotoka boriti zilizopakiwa majahazini kwenda Uarabuni na Ghuba karne kwa karne. Vyumba vya nyumba nyingi za kale za mwambao ni vyembamba kwa sababu boriti haikuweza kuvuka zaidi ya hapo. Humo ndimo kamba wanamokulia kabla hawajaingia baharini na hatimaye kwenye sahani za mahoteli.

Mto wenyewe hautulii. Mafuriko makubwa ya mwishoni mwa miaka ya 1970 yaliusukuma mkondo mkuu kuelekea kaskazini mwa delta. Milango ya kusini ikapungukiwa na maji baridi, ya kaskazini ikafurikiwa. Wakulima wakaona nafasi, wakaingia kaskazini, wakafyeka mikoko, wakapanda mpunga kwenye tope lenye rutuba ambalo sasa halikuwa na chumvi nyingi. Maofisa wa misitu wamewapigia kelele tangu hapo, na kisheria wana haki, kwa sababu mikoko hii ni hifadhi tangu zama za Wajerumani. Mimi nasita kuwatupia mawe wakulima wale. Maji baridi ndiyo yaliyowaita. Lakini nitasema hili: shamba la mpunga halifanyi kazi ya mkoko. Mizizi ya mikoko iliyokatwa inaoza ardhini, na tope lililokuwa limeshikwa nayo linashuka lenyewe, kama godoro lililotolewa pamba. Baada ya misimu michache magugu yanazidi, kaa wanakata miche, chumvi inarudi, shamba linaachwa. Sasa ardhi iko chini kuliko ilivyokuwa, na bahari iko juu kuliko ilivyokuwa.

Haya yote yalikuwapo kabla ya jambo kubwa zaidi, nalo tumelishuhudia sisi sote. Tarehe 22 Desemba 2022 maji yalianza kujazwa kwenye Bwawa la Julius Nyerere, pale kwenye korongo la Stiegler, mto huohuo wa Rufiji. Mitambo 9, megawati 2,115. Bwawa lenye uwezo wa kuhifadhi zaidi ya mita za ujazo bilioni 30. Mimi nazungumza nawe kupitia chombo kinachotumia umeme, kwa hiyo usinitegemee nisimame hapa nilaani umeme. Nchi iliuhitaji, tumekaa gizani vya kutosha.

Ila bwawa lina tabia moja isiyobadilika popote duniani: maji yakiingia yanapoa mwendo, na maji yaliyopoa mwendo yanaachia mzigo. Ni kanuni ileile ya mikoko, isipokuwa safari hii tope linatuama kilomita nyingi kabla ya kufika mahali linapongojewa. Mchanga ndio unaonaswa wa kwanza, kisha udongo mwingi. Maji yanayopita kwenye mitambo yanatoka masafi, na maji masafi yana njaa. Yanaanza kula kingo za mto kule chini ili yajaze mzigo wake.

Mfano wa namna hii tunao barani kwetu, na hauhitaji maelezo marefu. Misri walimaliza Bwawa Kuu la Aswan mwaka 1970. Kabla yake Nile ilifikisha pwani zaidi ya tani milioni 100 za mashapo kwa mwaka. Baada yake, karibu hakuna. Pale Rashid, kwenye mlango wa magharibi wa Nile, nchi kavu iliyokuwa imechomoza baharini imerudi nyuma kilomita kadhaa katika karne ya 20, na Wamisri wamelazimika kujenga kuta za mawe na zege kuizuia bahari. Mmomonyoko ule ulianza hata kabla ya Aswan, tangu mabwawa madogo ya awali, kisha ukapamba moto.

Sasa msikilizaji wa Malindi atanicheka. Ataniambia, njoo uchukue la kwetu. Kweli, wenzetu wa Malindi wana taabu ya kinyume. Mto Sabaki, unaoanza nyanda za juu upande wa Nairobi ukiitwa Athi, unashusha udongo mwingi hadi bahari inakuwa rangi ya chai ya maziwa, na fukwe zinaongezeka kuelekea baharini. Wanasayansi walitoboa matumbawe karibu na mlango wa mto huo wakayasoma tabaka kwa tabaka, kama pete za mti, wakapata kumbukumbu ya miaka 300 hivi. Walichokifuata ni madini ya bariamu, yanayosafiri pamoja na udongo. Kwa muda mrefu kiwango kilikuwa tulivu. Mwanzoni mwa karne ya 20, wakati ardhi ya bara ilipoanza kufyekwa na kulimwa chini ya utawala wa Waingereza, kikaanza kupanda na hakikurudi tena. Tumbawe lililo chini ya bahari ya Malindi limetunza kumbukumbu za mashamba ya bara kuliko ofisi nyingi za ardhi.

Na tope likizidi linaua vilevile. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kwenye hori ya Mwache, karibu na Mombasa, ukafukia mizizi ya kupumulia, na mikoko mingi ikakauka imesimama. Kwa hiyo sikusifii tope ovyo. Nasema lina kiasi chake, na kiasi hicho kwa Rufiji kiliwekwa na mafuriko ya kila mwaka kwa maelfu ya miaka. Sasa kitawekwa na mtu aliyekaa mbele ya kioo cha kuongozea mitambo.

Hebu nikupeleke mbali kidogo, kisha turudi. Uingereza hakuna mikoko, baridi haiiruhusu; kazi ya kunasa tope inafanywa na majani na vimea vya chumvi. Karne kadhaa walijenga kuta, wakakausha maeneo hayo wakalima. Ardhi iliyozibwa haikupata tope jipya, ikashuka, huku bahari ikipanda nje ya ukuta. Katika kisiwa cha Wallasea, jimbo la Essex, walipoamua kuirudisha bahari, waliikuta ardhi iko chini mno. Maji yangeingia yangekuwa ziwa. Wakafanyaje? Walichukua udongo uliochimbwa kwenye mahandaki ya reli mpya chini ya jiji la London, tani milioni 3, wakaupakia melini, wakaupeleka kisiwani kuinyanyua ardhi. Mwaka 2015 wakatoboa ukuta, maji yakaingia. Fikiria gharama yake: meli baada ya meli imebeba udongo. Sisi mto ulikuwa unatuletea bure hadi mlangoni.

Je, bwawa na tope haviwezi kukaa pamoja? Vinaweza kwa sehemu. Wachina kwenye bwawa lao la Three Gorges wana utaratibu wa kushusha kina cha maji msimu wa mafuriko ili maji machafu yapite, kisha wanahifadhi yale masafi yanayofuata. Hawapati yote, bwawa bado linanasa mashapo mengi, na umeme fulani wanaupoteza. Lakini wameliingiza tope kwenye hesabu. Hilo ndilo ninalolidai kwa Rufiji. Tunatangaziwa kina cha maji bwawani, tunatangaziwa megawati. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipowakuta watu wa Rufiji na Kibiti tulibishana wiki nzima kuhusu maji: yamefunguliwa, hayakufunguliwa, yangekuwa mabaya zaidi au la. Sikumsikia mtu akiuliza maji yale yalibeba udongo kiasi gani, na udongo ule ulitua wapi.

Delta ya Rufiji, Mafia na Kilwa iko katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa tangu mwaka 2004. Heshima hiyo tumeiomba wenyewe. Basi itangazwe pia, kila mwisho wa msimu wa mvua, tani za mashapo zilizopita chini ya bwawa, na itangazwe kwa Kiswahili, watu wa Salale na Mbwera waisikie kwenye redio hii.

Kwa upande wako wewe unayeishi humo deltani, kuna kipimo kisichongoja serikali. Chukua fito ndefu, iliyonyooka. Siku ya maji kupwa ya bamvua nenda nayo nyuma ya mikoko, mahali ambapo watu na ng'ombe hawapiti, uichomeke mpaka ifike kwenye tope gumu lisilosogea, lile lenye umri wako. Tia alama kwa panga pale uso wa tope ulipogusa fito. Andika tarehe kwenye daftari la mtoto wa shule. Chomeka nyingine ukingoni na nyingine shambani. Urudi baada ya mwaka, bamvua lileile, uangalie kama alama imefunikwa au imebaki hewani, kisha utuandikie hapa redioni. Tutasoma vipimo vyenu vyote, kijiji kwa kijiji.